Vibao Vitano vya Mvule

Kibao cha kufinyangia huchaguliwa kwa maji, si kwa macho. Nalisema hili kwanza kwa kuwa nawaona vijana wa siku hizi wanaokota ubao wowote, wanaukata duara, wanaubandika juu ya gurudumu, kisha bakuli likipinda wanaulaumu udongo. Udongo hauna kosa. Chukua ubao wako uuloweke kutwa nzima kwenye pipa, uuanike kivulini siku mbili, halafu uulaze juu ya sakafu ya saruji na kuubonyeza ukingoni kwa kidole. Ukicheza, upeleke jikoni ukapikie. Usipocheza, umepata. Mie wa kwangu niliupata, tena mzuri kupita mbao zote nilizowahi kuzishika, na nilipoutoa si mahali pa kutoa ubao.

Zilikuwa siku za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Temeke ilikuwa bado minazi na mikorosho, nyumba za udongo zimeezekwa makuti, na mtu akipiga chafya nyumba ya tatu wanamwombea rehema. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeachika, nimerudi kwa mama. Njia ya kwenda Chang'ombe palikuwa na karakana ya mzee mmoja wa Kihindi, fundi wa vyungu, ukoo wao wote wafinyanzi tangu huko kwao. Alinichukua kwa sababu bibi yangu alikuwa mfinyanzi na mikono yangu ilikwisha kuujua udongo. Majirani walisema wakachoka. Gurudumu lile lilikuwa la kusukuma kwa mguu, unalikalia umepanua mapaja, na kwa mwanamke wa Kizaramo hiyo ilikuwa fedheha. Nikavaa suruali ya marehemu baba chini ya kanga, nikawaambia anayetaka kutazama atazame waziwazi, kuchungulia kutampa makengeza.

Vibao tulivihitaji kwa ajili ya kazi moja. Bibi mmoja wa Kizungu aliyesimamia bustani alitaka mabakuli ya kuoteshea maua, mapana kama sahani kubwa ya wali, kina kifupi. Bakuli la namna hiyo huwezi kulinyanyua likiwa bichi, ukiligusa tu limekunjika. Kwa hiyo hulifinyangi juu ya gurudumu lenyewe. Unabandika chapati ya udongo juu ya gurudumu, unaichora mifereji kwa kidole, unailowesha kidogo sana, halafu unakibwaga kibao juu yake na kukipiga ngumi moja katikati. Ukilowesha mno, kibao kinateleza na kazi yako inaruka ukutani. Ukilowesha kidogo mno, kinabanduka katikati ya shughuli. Kikishika sawasawa unafinyanga juu yake, ukimaliza unakibandua kibao pamoja na bakuli lake, unakiweka kando mpaka bakuli likaze, kesho unalikata kwa waya. Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo ninavyofanya hadi leo nikipata nguvu.

Shida ilikuwa vibao vyenyewe. Fundi alikuwa na viwili tu, alivyokuja navyo melini. Tukajaribu mbao za masanduku ya chai, zikabanduka tabaka kwa tabaka. Tukajaribu mwembe, siku ya pili ukapinda. Msonobari ulikunywa maji ukavimba. Fundi akaniambia nitafute mvule wa zamani, mvule uliolowa na kukauka mara nyingi mpaka umechoka kugeuka. Mie pale pale nikajua upo wapi. Ulikuwa nyumbani, umesimama nyuma ya mlango wa chumba ninacholala.

Mama yangu alikuwa mwosha. Akifa mwanamke kuanzia kwetu mpaka Mtoni, aliyeitwa ni yeye, na ubao wa kuoshea ulikuwa ukikaa nyumbani kwetu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuutunza. Ulikuwa na urefu wa dhiraa nne, mpana, mweusi, na ukiupitishia kiganja hauna hata kijibanzi kimoja. Watu walikuja kuuchukua wakilia na kuurudisha kimya. Nimelala na ubao ule tangu utoto. Watoto wenzangu walitishwa kwa fisi, mie nilikuwa na ubao, na hakuna aliyehitaji kunitisha.

Mama alitaka nimrithi. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita alinichukua nikamshikie kata ya maji. Marehemu alikuwa jirani yetu, mwanamke mcheshi, nilimpenda. Mama alipomgeuza ubavu, mkono ulichomoka kwenye shuka ukaniangukia gotini, mzito, wa baridi, wenye hina. Nikatupa kata nikakimbia, nikajifungia. Mama hakuniaibisha. Hakulitaja jambo lile mbele ya mtu, wala hakunichukua tena. Lakini nikajua nimemwangusha, na kila nilipoutazama ubao nilijua tena.

Kisha mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka, akautolea msikiti kitanda cha chuma cha kuoshea maiti, chenye miguu na bomba la kutolea maji. Ubao ukawa umestaafu. Wazee wakamwuliza mama tuuchome au tuuzike, mama akawaambia mniachie. Akatuita mie na mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja aliyekaa nyumba ya pili, akasema mbele yetu wawili.

"Huu nimejiwekea. Mwosha huoshwa. Nataka nioshwe hapa nilipowaosha wenzangu."

Sina pa kujifichia basi. Sikusikia vibaya, sikusahau, sikuambiwa na mtu wa pembeni. Mama alisema nikiwa nimekaa mkekani mkabala naye, namenya muhogo.

Mwezi uliofuata akaenda Kisarawe kumwuguza kaka yake. Fundi ananihimiza vibao, bibi wa Kizungu anamhimiza fundi, na mie nalala peke yangu chumba kimoja na ule ubao. Nikajipa moyo kwamba mama bado ana nguvu, kwamba mvule si kitu adimu, kwamba kabla hajarudi nitapata ubao mwingine na kuusugua mpaka ufanane. Lakini nitasema ukweli, umri huu uwongo wa nini. Sikuukata kwa ajili ya vibao tu. Nilitaka utoke nyumbani. Ndugu zangu, nilitaka kulala.

Nikaupeleka kwa seremala wa Keko kwa mkokoteni, umefunikwa gunia. Nikamwambia umetoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Alipoingiza msumeno, unga ukatoka na harufu ya kafuri, ile inayotiwa kwenye maji ya maiti, ikajaa kibanda kizima. Seremala akasita, akanitazama. Nikamtazama na mie kwa macho makavu, akaendelea kukata. Vikatoka vibao vitano, kila kimoja upana wa shubiri moja na nusu. Na nisiseme uongo, vilikuwa vibao vya haki. Nikaviloweka, nikavianika, nikavilaza sakafuni, hakuna kilichocheza hata unywele.

Kazi ikaanza, na mambo yakaanza nayo. Kibao kikianza kuzunguka na maji yanayoteremka kutoka kwenye bakuli yakikigusa, kafuri inapanda. Si sana, kidogo tu, usawa wa pua ya mtu aliyeinama. Fundi alifurahi. Kwao kafuri ni ya kuwashia wakati wa kuabudu, akaniambia vibao hivi vina baraka, akawa anakuja kusimama karibu yangu kwa ajili ya ile harufu. Mie nilikuwa napumulia mdomoni.

Kimoja kati ya vile vitano kilikuwa cha upande wa kichwani. Katikati yake palikuwa pamebonyea kidogo, huwezi kupaona, ila kiganja kinapajua. Visogo vya wanawake waliooshwa hapo kwa miaka thelathini vilipachimba taratibu. Kila bakuli lililofinyangwa juu ya kibao kile lilitoka na uvimbe kitakoni, ukiliweka mezani linayumba. Fundi akataka kibao kirandwe. Nikamwambia nitakirandisha, sikukirandisha. Nikajifunza kujaza lile bonde kwa udongo na kulisawazisha kwa ukingo wa kijiti kabla ya kuanza, kila siku, na kila siku kidole changu kilikuwa kinaingia mle kwanza.

Mabakuli ya mwanzo yalipasuka vitako. Fundi akasema mbao hizi hazinywi maji, zimeshiba kitu, kwa hiyo mdomo wa bakuli unakauka na kitako bado kibichi, vinavutana. Alisema ni mafuta. Mie nilijua ni nini. Dawa yake ni kuufunika mdomo kwa kitambaa kibichi ili juu na chini vikauke pamoja. Vitambaa tulivyokuwa navyo ni marekani nyeupe. Kwa hiyo asubuhi nikifungua mlango wa karakana vibao vitano na mabakuli yake vinanipokea juu ya benchi, vimelala kwa mstari, vimefunikwa nyeupe. Nilikuwa nasema bismillahi kwa sauti ndipo niingie. Nyumbani nako hapakusaidia. Pale nyuma ya mlango ukutani palibaki alama ya ubao, udongo mweupe kuliko kwingine, mrefu kama mtu. Nikatundika kanga pale. Sikulala.

Mama akarudi kabla ya siku zake, ameletwa, anakohoa, miguu imevimba. Hakuvua hata buibui, aliingia chumbani kwangu akatazama nyuma ya mlango. Nikamwambia mchwa walianza kuula ubao, nimeupeleka kwa seremala autengeneze. Mvule hauliwi na mchwa. Mtoto mdogo analijua hilo. Mama akaniomba maji ya kunywa.

Nikawa kila jioni kabla ya kutoka karakana nanawa kwa sabuni ya mche na kusugua mikono kwa ndimu mpaka mikwaruzo inawaka. Siku moja nilichelewa, nikanawa kwa haraka. Nilimkuta mama kitandani, nikamshika mkono nimwinue akae. Aliponishika kiganja akakivuta karibu na uso, akakinusa. Mwanamke yule alikuwa amenusa kafuri mikononi mwake mwenyewe miaka thelathini.

Akaniuliza taratibu, "Umemwosha nani leo?"

Nikalia kabla ya kujibu. Nikamweleza yote, fundi, mabakuli, seremala, gunia. Hata lile la kutaka kulala nililisema. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama kichwani nako nimekata, nikasema nimekata. Nikamwambia nitavileta vibao nyumbani, tutaviunga kwa misumari juu ya ubao mwingine, nitafanya lolote. Akasema hapana, vilivyokatwa vifanye kazi, kuliko kukaa bure vikimtazama mtu. Halafu akafumba macho, nikadhani amelala.

"Basi nitaoshwa kwenye chuma kama watu wengine," akasema. "Lakini mkono uwe wako."

Nikamwapia. Nilishika msahafu wake uliokuwa juu ya mto, nikasema mama nitakuosha mimi. Akacheka kidogo, akasema msahafu wa nini, ninyi watoto mna haraka ya kuapa, osha tu.

Tangu siku ile akawa ananifundisha. Nikimlisha uji ananiambia maji yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto. Nikimkanda miguu ananiambia anza kuliani, usimwache wazi hata kidogo, mkono wako upite chini ya shuka umevaa kitambaa, tumbo ulibonyeze kwa huruma. Majani ya mkunazi maji ya kwanza, kafuri maji ya mwisho. Mara tatu, isipotosha mara tano. Usiseme utakachokiona. Alisema kwa raha kabisa, kama mtu anayemwachia mwenzake kazi ya jikoni. Mimi nilikuwa naitikia naam mama. Mchana gurudumuni nikiweka mikono yote miwili juu ya udongo wa baridi, mzito, nilikuwa nauona ule mkono wenye hina. Nikifumba macho upo. Nikifumbua, kibao kinazunguka, kafuri inapanda.

Mama mdogo aliniona. Akaniambia nikihofia niseme mapema, yeye ataosha, hakuna dhambi. Nikamjibu vibaya. Nikamwuliza nani amemwambia nahofia, mimi ni mtoto mdogo? Akajifunga kanga yake, akaondoka. Ningeitikia pale tu, mengine yote yasingekuwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi kama siku nyingine. Nilimwacha mama asubuhi amekunywa uji vijiko vitatu, mama mdogo yuko naye. Saa nne mume wa mama mdogo akafika karakana kwa baiskeli. Alishuka, akavua kofia, na mie nikajua. Akasema mama ametutoka kwa salama, kitanda cha chuma kimeshaletwa, maji yako motoni, wananingoja mimi nianze. Akataka nipande nyuma ya baiskeli. Nikamwambia atangulie, nanawa mikono nakuja.

Fundi alikuwa amesikia. Aliunganisha viganja vyake mbele ya kifua, akaniambia niende, mabakuli ya jana atayakata yeye. Nikamwambia nitayakata mwenyewe, si kazi ndefu.

Sikuchanganyikiwa. Ningependa kusema nilichanganyikiwa, watu hutusamehe tukichanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua wanawake wamekaa wananingoja, najua na mahali kila mmoja alipokaa. Nikavifunua vile vitambaa vyeupe kimoja kimoja, nikavikunja. Nikapitisha waya chini ya bakuli la kwanza, nikalizungusha, likaachia. La pili likaachia. Nilikuwa nakata polepole, bila kuacha kovu, kazi safi kupita siku zote. Nilipolikata la tano nilikuwa sina kisingizio kilichobaki, nikaviangalia vibao. Vilikuwa na matope.

Nikachota maji pipani, nikaanza kuviosha.

Siku zote tulikuwa tunavikwangua kwa kisu na kuvimwagia maji mara moja, basi. Siku ile nilikiweka kibao cha kwanza mapajani juu ya kanga, nikakisugua kwa kitambaa, nikakimwagia, nikakisugua, nikakimwagia, mara tatu. Kulia kwanza, ingawa duara halina kulia wala kushoto. Maji yalikuwa ya baridi na nilikuwa nalia, namwambia mama nakuja, nakuja sasa hivi. Nikakifuta, nikakiegemeza ukutani, nikachukua cha pili. Fundi alikuja mara moja akasimama, akaondoka. Nilikuwa kwenye kile chenye bonde, cha nne, adhana ya adhuhuri ilipoingia. Nilijua maana yake, baada ya sala mama anapelekwa kaburini. Nikalisugua lile bonde kwa kidole mpaka likang'aa. Kisha nikachukua cha tano.

Niliwasikia kabla ya kuwaona, sauti za wanaume wakisoma tahlili kwa mwendo wa haraka. Nikatoka njiani nikasimama kwenye majani, nikajifunika kanga mpaka usoni. Jeneza likapita. Lilikuwa jepesi, niliona jinsi lilivyokuwa likibadilishwa mabega bila mtu kuyumba. Mume wa mama mdogo aliniona, akageuza uso.

Nyumbani uani wanawake wawili walikuwa wanakimwagia maji kile kitanda cha chuma. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda, nguo zake zimelowa mpaka magotini, mikono imelala mapajani viganja juu. Yeye ndiye aliyeosha. Mikono yake ilinuka kama yangu. Nilipiga magoti mbele yake nikitaraji matusi, nikitaraji hata kofi, ningelipokea. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Tulikungoja mpaka maji yakapoa," akaniambia. "Tukayapasha tena, yakapoa tena."

Nikamwambia nilikuwa kazini.